Mikarafuu isiwekwe rehani kwa ajili ya sindano ya shahamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni tangu msimu wa karafuu uliopita. Hapa Wete, katika shehia ninayoishi, iko familia iliyokuwa imeshakubaliana kuweka rehani mikarafuu yake minane ili kumlipia kijana wao sindano ya shahamu, yaani mafuta yanayotolewa tumboni mwake mwenyewe, baada ya kuahidiwa kwamba sindano hiyo itaiotesha upya ncha ya kidole aliyoipoteza kazini. Mwenye kuijua Pemba anajua mikarafuu minane ina maana gani kwa nyumba yenye watoto wanaosoma.

Kijana huyo ni seremala. Miezi minane kabla ya mazungumzo hayo, randa ya umeme ilimkata kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ikachukua nyama ya ncha pamoja na nusu ya ukucha. Alipelekwa hospitali, mfupa uliojitokeza ukapunguzwa, ngozi ikavutwa na kushonwa, na jioni ile ile akarudi kwao. Sisemi kwamba waliomhudumia walimfanyia ubaya, kwani mfupa ukishatoka nje na kidonda kikajaa vumbi la mbao, kupunguza na kushona ni njia inayokubalika katika hospitali kubwa za dunia. Hata hivyo kidole alichobaki nacho si chombo cha kazi tena. Ukucha umepinda kama mdomo wa kasuku kwa sababu umekosa mfupa wa kuuegemea, kovu limegandamana na mfupa, na akishika msumari mdogo kati ya kidole hicho na gumba hushituka kama aliyeguswa na waya wa umeme. Nimemwona akipima ulaini wa ubao kwa kidole cha kati, kisha akaurudisha mkono mfukoni ili nisiutazame.

Ami yake ndiye aliyenijia, na simu mkononi. Ndani ya simu mlikuwa na picha ya video ya mtu aliyevaa koti jeupe, akionyesha vidole viwili, kimoja kikiwa kifupi na cha pili kikiwa kizima, na chini yake ikaandikwa namba ya kupiga na kiasi cha fedha cha kutanguliza. Akaniambia, "Dada, wewe umewafunga watu vidonda maisha yako yote. Hili ni kweli, au tunachezewa?" Nilimwomba anipe siku tatu. Ninaye mjukuu anayesomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na kwa siku hizo tulikaa pamoja tukisoma machapisho ya madaktari, yeye akinifasiria yale ambayo wakati wangu hayakuwako. Niliyomjibu ami wa kijana ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa sababu ninaamini si nyumba hiyo peke yake iliyopigiwa simu.

Jambo lenyewe lina msingi, na haitakuwa haki kulitupa lote kwa sababu ya wanaolifanyia biashara. Kuhamisha shahamu kutoka sehemu moja ya mwili kwenda nyingine si kitu cha jana. Daktari wa Ujerumani, Gustav Neuber, alieleza mwaka 1893 namna alivyotumia shahamu ya mkono wa mgonjwa kujaza kovu lililobonyea usoni. Kwa muda mrefu baada yake, shahamu ilihesabiwa kuwa ni kijazio tu, kama pamba ndani ya mto. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani, Patricia Zuk na wenzake, walionyesha kwamba ndani ya shahamu iliyonyonywa mwilini mwa watu mna seli shina, yaani seli changa ambazo bado hazijachagua kazi na zinaweza kuelekezwa kuwa mfupa, gegedu au msuli. Tangu hapo shahamu imetazamwa kwa jicho jingine. Wanaoichunguza wanasema seli hizo zikiwekwa kwenye jeraha hazifanyi kazi kwa kugeuka ngozi mpya moja kwa moja, bali zaidi kwa kutoa vichocheo vinavyoita mishipa midogo ya damu ije, vinavyotuliza uvimbe na vinavyozihimiza seli za jirani zifanye kazi yake.

Namna inavyoandaliwa ni rahisi kuielewa kwa yeyote aliyewahi kukamua tui. Daktari humchoma mgonjwa ganzi tumboni, akaingiza mrija mwembamba usio na ncha kali uliounganishwa na bomba la sindano, akavuta shahamu kidogo kidogo. Shahamu hiyo husafishwa, kisha ikasukumwa kutoka bomba moja hadi jingine, huku na huko, mara nyingi, mpaka ilainike iwe maji mazito meupe, halafu ikachujwa kwa kitambaa. Patrick Tonnard wa Ubelgiji na wenzake waliieleza njia hiyo mwaka 2013. Seli kubwa za mafuta hupasuka na kufa katika msukosuko huo, na kinachopita kwenye kitambaa, kama tui linavyopita kwenye kifumbu na kuacha chicha, ni maji yenye zile seli ndogo zinazotakiwa. Iko njia ya pili, ambayo hutumia kimeng'enya kuyeyusha nyuzi za shahamu na mashine ya kuzungusha kwa kasi mpaka seli zitue chini ya chupa. Hiyo inahitaji maabara safi mno, na serikali nyingi zinaihesabu kuwa ni kutengeneza dawa wala si upasuaji wa kawaida.

Kwa upande wa vidole, madaktari wa nchi mbalimbali wamejaribu kuweka shahamu juu ya mfupa uliobaki wazi ili nyama ipate kuota juu yake, au kuichoma chini ya kovu lililogandamana ili lilainike na maumivu yapungue. Matokeo mengi wanayoyaeleza yanatia moyo. Lakini taarifa zinazohusu ncha za vidole hasa ni za wagonjwa wachache wachache, na katika nyingi ya hizo hakuna kundi la pili lililotibiwa kwa njia ya kawaida ili ijulikane ni shahamu iliyoponya au ni mwili wenyewe. Mimi niliyefunga vidole kwa miaka mingi naliona swali hilo kuwa ndilo kubwa kuliko yote, na nitalirudia.

Mfano wa Marseille, Ufaransa, unatosha kuonyesha kwa nini subira inahitajika. Madaktari wa huko waliwatibu wanawake 12 wenye maradhi yanayokakamaza ngozi ya vidole na kuzuia damu isifike vizuri, kwa kuwachoma seli zilizotolewa katika shahamu yao wenyewe. Maumivu yalipungua, mikono ikafunguka zaidi, na habari ikaenea. Wakafanya utafiti wa pili, uliochapishwa mwaka 2022, kwa wagonjwa 40, nusu wakichomwa seli na nusu wakichomwa maji yasiyo na kitu, bila ya wao kujua ni kipi walichopewa. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikutosha kusema kwamba seli ndizo zilizofanya kazi. Wale ni madaktari waaminifu: walirudi kujipima, na waliyoyakuta wakayatangaza yalivyo. Mwenye video katika simu ya ami wa kijana hajajipima popote.

Na madhara yapo. Mwaka 2017 jarida la madaktari la New England la Marekani lilichapisha habari za wanawake watatu wa Florida waliochomwa machoni seli zilizotolewa katika shahamu yao, kwenye kliniki iliyokuwa ikitoza fedha, na wote watatu wakapoteza uoni. Jicho si kidole, nakubali. Lakini mtu anayechukua shahamu ya mwenzake bila ya usafi wa chumba cha upasuaji, akairudisha kwenye kidole chenye damu kidogo, anaweza kumwachia usaha ndani ya mfupa, na kidole kilichokuwa kifupi kikawa hakipo kabisa.

Kwa hiyo nilimwambia ami wa kijana hivi: ukiahidiwa kwamba kovu linaweza kulainishwa, sikiliza kwa makini na uulize maswali, ukiahidiwa kwamba ncha iliyokatwa na kushonwa miezi minane iliyopita itaota tena, mfupa na ukucha, basi funga simu. Hakuna shahamu iliyothibitishwa kufanya hivyo kwa mtu yeyote.

Jambo linalonisikitisha, na ndilo lililonifanya nishike kalamu, ni kwamba ncha ya kidole ni miongoni mwa sehemu chache mno za mwili wa mtu mzima ambazo kweli zina uwezo wa kujirudishia, na sisi tunaupoteza uwezo huo katika wiki ya kwanza. Mwaka 1974 daktari wa watoto wa Sheffield, Uingereza, Cynthia Illingworth, aliandika kuhusu watoto waliokatika ncha za vidole ambao hawakushonwa, bali walifungwa tu na kuachwa, na ncha zao zikarudi na umbo lake na ukucha wake. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walionyesha kwa panya kwamba siri iko katika shina la ukucha: zile seli shina zilizo chini ya mzizi wa ukucha ndizo zinazotoa amri ya kuota tena, na kidole kikikatwa nyuma ya hapo amri hiyo haitoki. Kwa maneno mengine, anayeuhifadhi mzizi wa ukucha amehifadhi kiwanda, na anayeukata bila ya lazima amekifunga.

Watu wazima nao hawakunyimwa. Mwaka 1993 madaktari wa Afrika Kusini, Mennen na Wiese, walichapisha habari za ncha 200 za vidole walizozitibu kwa kuzisafisha na kuzifunika kwa plasta nyembamba inayong'aa, ile inayoachia hewa kidogo lakini inahifadhi unyevu, bila ya kuvuta ngozi kutoka sehemu nyingine. Plasta hiyo wauguzi wenzangu wanaijua vizuri, kwa sababu ndiyo tunayoibandika juu ya sindano ya dripu ili isichomoke. Katika miaka yangu ya kazi ilikuwa ikikaa kabatini, hatua tatu kutoka meza ya kufungia vidonda, nasi tukiwafunga watoto shashi kavu ambayo kesho yake tuliibandua pamoja na nyama changa iliyoota usiku. Nakumbuka vilio vyao. Tulifanya tulivyofundishwa, na ninaandika haya ili aliye mezani hivi leo asifanye tulivyofanya sisi.

Nilianza kuitumia plasta hiyo kwenye vidole miaka ya mwisho kabla ya kustaafu, kwa idhini ya daktari niliyekuwa chini yake. Mtoto wa kwanza alikuwa wa miaka sita, aliyebanwa na mlango wa chuma wa duka, ncha ya kidole cha kati ikaondoka kwa mshazari, mfupa haukutokeza. Tulimwosha kwa maji mengi yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kwa kipimo, akapewa chanjo ya pepopunda, tukambandika plasta. Siku ya saba mama yake aliingia analia kabla sijaugusa mkono wa mtoto. Harufu ilikuwa kama ya ng'onda aliyelowekwa, na chini ya plasta kulikuwa na maji ya rangi ya kahawia yaliyotuna kama lengelenge. "Kimeoza, bibi," aliniambia. Nikamwambia, "Hakijaoza, mwanangu, subiri uone." Nilibandua taratibu, nikasuuza, na pale palipokuwa na shimo palikuwa na nyama nyekundu yenye chembechembe ndogo, kama ndani ya komamanga, na haikutoka hata tone la damu. Mtoto alikuwa akinitazama usoni, kisha akakitazama kidole chake, wala hakulia. Maji yale yanayonuka, ambayo kila mtu huyadhania usaha, ndiyo yenye vichocheo vya mwili wenyewe vya kuotesha nyama. Kidole kilichukua wiki tano. Leo mwenye kidole hicho ni mtu mzima, na mimi niliyemfunga lazima nimwulize ni mkono upi.

Ndiyo maana nimesema lile swali la Marseille ni kubwa. Ikiwa ncha ya kidole hupona hivi kwa plasta na subira, basi mwenye kudai kwamba shahamu inaponya zaidi, ni juu yake kuonyesha ni kiasi gani zaidi, na kwa kidonda cha aina gani. Naamini iko nafasi yake: mfupa ukiwa wazi na hakuna nyama ya kutosha kuufunika, kovu likiwa limeganda kama la kijana wetu, au kidole kikiwa na baridi na maumivu ya kudumu. Hapo mimi mwenyewe ningependa kuona madaktari wetu wanajua kazi hiyo, wala sioni kwa nini visiwa vyenye hospitali kama ya Abdalla Mzee, Mkoani, au Mnazi Mmoja kwa upande wa Unguja, vibaki kusoma habari hizo tu. Kuvuta shahamu kidogo kwa bomba na kuichuja hakuhitaji mitambo ya mamilioni. Kunahitaji daktari aliyefundishwa, chumba safi, na daftari la kumfuatilia kila mgonjwa kwa miezi. Ikifanyika, ifanyike kama utafiti, ipitie Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar ili kamati yake ya maadili iitazame, na mgonjwa asilipishwe hata senti, kwa sababu mtu anayesaidia watu wajue jambo lisilojulikana hastahili kulipia ujinga wa wengine. Anayekuja na jina la utafiti huku akitaka fedha za kutanguliza hafanyi utafiti.

Wakati hilo likisubiriwa, naiomba Wizara ya Afya ihakikishe plasta ile inafika katika kila kituo cha afya kwa ajili ya vidole, si kwa dripu peke yake, na wauguzi na madaktari wasaidizi waelekezwe ni kidonda gani cha kufunika na kipi cha kupeleka mbele. Kidonda kilichopondeka sana, kidole kilichopoteza hisia au kisichokunjika, mfupa uliojitokeza, mgonjwa wa kisukari, wekundu unaopanda mkononi pamoja na homa: hao waende kwa daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo. Wengine wengi wafunikwe, waelezwe kuhusu harufu ili wasiikimbie dawa yao wenyewe, na warudi kila wiki.

Na kwa wenzangu wa majumbani, ambako vidole hukatika kwa mbuzi ya kukunia nazi, kwa panga la shamba na kwa milango: msitie unga wa kahawa, wala bizari, wala majivu, wala mafuta ya taa. Nimetumia saa nyingi za maisha yangu kuchokonoa kahawa katika vidole vya watoto, na kila chembe niliyoitoa ilitoka na nyama. Maji safi yanayotiririka, kitambaa safi, mkono uinuliwe juu, na mtoto aletwe kituoni. Kipande kilichokatika kikipatikana, kifungwe katika kitambaa kibichi, kitiwe mfuko wa plastiki, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu bila ya barafu kukigusa. Kije pamoja na mwenyewe, daktari ndiye atakayeamua kama kinafaa. Kwa wenye karakana sina mengi ya kusema zaidi ya kuwaomba wasivue kile kifuniko cha kisu cha randa kwa sababu kinachelewesha kazi.

Kuhusu kijana wetu, ami yake aliifuta ile namba mbele yangu, na mikarafuu minane bado ni ya nyumba yao. Nimemwandikia barua kwa daktari wa upasuaji, nikimwomba autazame ukucha uliopinda na kovu lililoganda, na amwambie kijana kwa ukweli kinachoweza kurekebishwa na kisichoweza. Miadi ni mwezi ujao, siku ya Jumanne. Ameniomba nifuatane naye, nami nimekubali.

Wasalaam,

Muuguzi mstaafu,
Wete, Pemba.